Kuelekea si Kufika

Jiwe safi la matumbawe lenye uzito wa kilo 100 likichomwa mpaka likaiva hutoka motoni na kilo 56. Ukubwa ni uleule, umbo lilelile, hata vijitundu vya wadudu waliolijenga baharini bado vinaonekana. Lakini ukilinyanyua mkono unaruka juu, kama wa mtu aliyekamata dumu akidhani lina maji. Kilo 44 zimekwenda zake, na aliyekuwa anachochea kuni hakuziona zikipita. Ni hewa ukaa, iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe tangu lilipokuwa makazi ya viumbe hai.

Chokaa ya namna hiyo ndiyo iliyojenga miji ya pwani yetu. Husuni Kubwa, jumba lililosimamishwa juu ya genge la bahari kule Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, ni matumbawe yaliyoshikanishwa kwa matumbawe: mawe mabichi yameunganishwa kwa unga wa mawe yaliyochomwa. Na tanuri la wachomaji wa pwani halikuwa na kuta wala bomba la moshi. Magogo yalilazwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa, upepo ukajipitia. Kisha chokaa iliachwa miezi kadhaa inywe umande na mvua kabla ya kutiwa ukutani. Mhandisi wa leo ataona kuni zimepotea bure, na hatakuwa amekosea sana. Lakini ule uwazi ulikuwa na kazi yake. Jiwe hili likizungukwa na hewa ukaa tupu, katika mgandamizo wa kawaida, halikubali kuvunjika mpaka joto likaribie nyuzi 900 za Selsiasi. Hewa hiyo ikifagiliwa kila inapotoka, jiwe huanza kuachia mapema, kwenye joto lililo chini ya hapo kwa nyuzi mia na zaidi. Kwa hiyo upepo wa bahari ulikuwa na kazi mbili, kupuliza moto na kufungua mlango.

Mtu aliyeamua kuufunga mlango huo aliishi mbali na Kilwa. Sir James Hall alikuwa Mskoti mwenye mashamba na nafasi ya kutosha, rafiki wa mwanajiolojia James Hutton. Hutton alishikilia kwamba marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na joto la chini ya ardhi. Wapinzani wake walikuwa na jibu ambalo hata mwashi angelitoa: mawe ya chokaa ukiyapika unapata chokaa, marumaru itoke wapi? Hutton alijibu kwamba uzito wa miamba iliyo juu huizuia hewa isitoke. Hata hivyo hakupendezwa na wazo la kupima kazi za dunia nzima kwa kijungu cha maabara, na Hall, kwa adabu, alingoja. Hutton alifariki mwaka 1797. Mwaka uliofuata Hall alikuwa ameshaanza kushindilia unga wa chaki ndani ya mitutu ya bunduki. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, ingawa mara nyingine huichelewesha sayansi.

Mitutu ilizibwa, ikatiwa motoni, na kadhaa ikapasuka, jambo ambalo mtutu hufanya kwa hiari ukizibwa pande zote mbili. Iliyostahimili ilipofunguliwa haikuwa na chokaa. Mlikuwa na kitu kigumu, chenye chembe za kumeta, jamaa wa karibu wa marumaru. Hall alitangaza matokeo yake mwaka 1805, baada ya mamia ya majaribio. Jiwe ni lilelile na moto ni uleule, ila mmoja ameipa hewa njia na mwingine ameinyima.

Shuleni tulifundishwa sentensi mbili kuhusu mambo haya, tukaziimba mpaka mtihani ukapita. Ya kwanza: joto likiongezeka, mmenyuko wa kikemia huenda kasi. Ya pili: mgandamizo ukiongezeka, mmenyuko wa gesi huelekea upande wenye molekuli chache. Zote mbili ni kweli. Kasoro yake ni kwamba zinajibu maswali mawili tofauti na mwanafunzi anaondoka akidhani ni swali moja. Kuna swali la upande: vitu hivi, katika hali hii, vinataka kuwa nini? Na kuna swali la mwendo: vitafika lini? Mtu anaweza kuelekea Kigoma maisha yake yote akiwa amekaa kituoni Dodoma. Joto linayagusa maswali yote mawili, na mara nyingine linayapa majibu yanayogombana. Hapo ndipo kemia inapokuwa kazi ya kupatana bei.

Tuanze na mwendo. Mwaka 1889 Svante Arrhenius, Mswidi, alikuwa anachunguza jinsi sukari ya miwa inavyovunjwa na tindikali ndani ya maji. Kilichomkera yeye na wenzake ni hesabu isiyokaa sawa. Mimenyuko mingi ya kawaida hukaribia kuongezeka kasi maradufu joto likipanda nyuzi 10 tu. Lakini toka nyuzi 20 hadi 30 si mbali, kwa sababu molekuli hazihesabu kuanzia kwenye barafu kama sisi. Kwao sifuri iko nyuzi 273 chini ya barafu, kwa hiyo ni kama kutoka 293 hadi 303. Nishati yao ya wastani imeongezeka kwa asilimia 3 na kitu. Asilimia 3 inazaaje maradufu?

Jibu la Arrhenius lilikuwa kwamba wastani haufanyi kazi yoyote. Chukua matokeo ya mtihani wa wilaya nzima. Wastani ni alama 40, na waliovuka 90 ni wachache wa kuhesabika. Sasa kila mtoto aongezewe alama moja na nusu. Wastani haujatikisika, ofisa elimu hataitisha hata kikao. Lakini waliovuka 90 wanaweza kuwa mara mbili ya wale wa kwanza, maana pale chini ya mstari palikuwa na foleni. Molekuli nazo zina mstari wao. Zikigongana bila nguvu ya kutosha hurudishana tu kama mipira. Zinazomenyuka ni zile chache zenye nguvu ya kupanda kilima kilichopo kati ya kuwa kitu cha kwanza na kuwa kitu cha pili. Joto likiongezeka kidogo, kundi zima linabaki karibu pale lilipokuwa, ila wapanda kilima wanaongezeka vibaya. Ndiyo maana samaki wa mchana wa Februari huharibika kabla muuzaji hajamaliza kusifu ubichi wake, na barafu kidogo tu humpa siku ya pili.

Mgandamizo una sifa nyingi ambazo si zake. Kwanza neno lenyewe: presha kwetu imeshachukuliwa na hospitali na wenye nyumba. Halafu kuna ile sufuria. Niliwahi kukaa Njombe, juu kule karibu mita 2,000, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha yalitaka saa tatu na ushei jikoni. Mwenye nyumba wangu, mama wa makamo, aliniona naongeza mkaa.

“Baba, unamaliza mkaa wako bure,” akaniambia. “Maji yakishachemka yamechemka. Nenda katafute presha kuka.”

Alikuwa sahihi kuliko mwalimu wangu wa kidato cha pili. Moto mkali chini ya maji yanayochemka hauyaongezei hata uzi mmoja wa joto. Unaongeza mvuke tu. Ukifunga mfuniko mpaka mgandamizo ukawa maradufu ya ule wa usawa wa bahari, maji hukataa kuchemka hadi nyuzi 120, na maharage hulainika kwa sehemu ndogo ya muda ule. Lakini sifa zielekezwe kunakostahili: mgandamizo haukuyapika maharage. Umelisindikiza joto tu. Vitu vigumu na vimiminika havishtushwi na kubanwa kidogo, kwa kuwa molekuli zake zimeshakaa bega kwa bega. Gesi ndiyo inayohisi. Ibane hadi nusu ya nafasi yake, na migongano ndani yake inaongezeka papo hapo.

Nimesema havishtushwi na kubanwa kidogo. Kubanwa sana ni habari nyingine, na ushahidi wake uko Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alikuta huko shimo la kale la volkeno lililojaa mwamba wenye almasi, miongoni mwa makubwa zaidi yaliyowahi kuchimbwa duniani. Almasi ni kaboni, ndugu halisi wa risasi ya penseli na wa mkaa ule niliokuwa nauteketeza Njombe. Katika kina cha kilomita 150 hivi, mahali ambapo mgandamizo unafika makumi ya maelfu ya mara ya huu wetu na joto linapita nyuzi 900, kaboni huona afadhali kujipanga kialmasi, mpango unaokula nafasi ndogo. Volkeno ikairusha juu upesi, kabla haijapata muda wa kubadili nia.

Hapa juu, almasi haina haki ya kuwapo. Katika mgandamizo wetu, upande ambao kaboni inauelekea ni grafiti, ile nyeusi ya penseli. Pete ya bibi harusi inaelekea kuwa ncha ya penseli kila siku ya ndoa yake. Haifiki, kwa sababu kilima ni kirefu mno na joto la kidole ni nyuzi thelathini na kitu. Wauzaji wameuza umilele kwa miongo mingi, ilhali walichokuwa nacho mkononi ni ucheleweshaji. Ipashe almasi moto hadi nyuzi 1,700 au 1,800 mahali pasipo na hewa, na ucheleweshaji unakwisha: inageuka nyeusi. Ukifanya hivyo kwenye hewa yenye oksijeni hutahitaji joto lote hilo. Itawaka, iwe hewa ukaa, usibaki hata wa kulalamikiwa.

Ila pale maswali mawili yalipogombana hadharani, kwa gharama kubwa, ni kwenye amonia. Naitrojeni ni karibu asilimia 78 ya hewa, na mmea wa mahindi unaizamia toka mizizi hadi mbelewele bila kuweza kuitumia, kama mtu mwenye kiu katikati ya bahari. Atomu zake mbili zimefungamana kwa kifungo cha mara tatu, miongoni mwa vifungo vigumu vinavyojulikana. Kwenye karatasi mambo ni mepesi: molekuli moja ya naitrojeni na tatu za haidrojeni zinatoa mbili za amonia, na joto linatoka. Nne zinakuwa mbili. Gesi ikibanwa huelekea kwenye viti vichache, kanuni ambayo Henry Le Chatelier, Mfaransa, aliiweka kwa maneno mwaka 1884. Makondakta wa daladala wanaielewa pia, ila wao hawaamini kwamba kuna mahali pa kusimama.

Tatizo ni lile joto linalotoka. Mmenyuko unaotoa joto haupendi kupashwa. Ukiupasha unarudi nyuma. Kwa mgandamizo wa kawaida na nyuzi 200, mchanganyiko ukiachwa utulie, amonia ingekuwa asilimia 15 hivi. Pandisha hadi nyuzi 500, inashuka hadi karibu sehemu moja kwa elfu. Kwa hiyo usipashe. Lakini usipopasha, naitrojeni haifunguki, na utasubiri asilimia zako 15 mpaka wajukuu wachoke. Joto linalokupa mwendo ndilo linalokunyang'anya mzigo. Fritz Haber, Mjerumani, aliujaribu mmenyuko huu kwenye nyuzi 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, akapata amonia isiyofika sehemu mbili katika elfu kumi, akauweka pembeni.

Le Chatelier mwenyewe, mwenye kanuni, alikuwa ameshajaribu kubana gesi hizo mwaka 1901. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mchanganyiko, mtambo ukalipuka, akaacha. Uzeeni alikiri kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika kazi yake. Kuijua sheria na kuishi karibu na bomba lililozibwa ni taaluma mbili tofauti.

Haber alirudi kwenye amonia kwa sababu isiyo ya kitaalamu sana: mwaka 1907 mwenzake Walther Nernst alizipinga hesabu zake mbele ya mkutano wa wanakemia, na aliona ameaibishwa. Safari hii alikuwa na Robert Le Rossignol, fundi wa akili na mikono kutoka kisiwa cha Jersey, aliyetengeneza valvu zisizovuja. Walipandisha mgandamizo hadi karibu mara 200 ya ule wa hewa, wakashusha joto hadi kati ya nyuzi 500 na 600, na wakatia osmiamu, metali adimu, kuwa kichocheo. Kichocheo hakigusi swali la upande hata kidogo; kinachonga tu njia ya chini kwenye kile kilima. Tarehe 2 Julai 1909 wageni kutoka kampuni ya BASF walifika Karlsruhe kuona mtambo. Bolti ikaachia. Carl Bosch, mkubwa wa msafara, hakuweza kungoja matengenezo akaondoka. Alwin Mittasch alibaki, na jioni aliona amonia ikidondoka, tone baada ya tone.

Kutoka tone hadi tani ndipo Bosch alipolipia ile haraka yake. Osmiamu ya dunia nzima isingetosha, hivyo Mittasch na wenzake wakajaribu vitu takriban 2,500 mpaka wakatua kwenye chuma, kilichotokana na madini ya Uswidi na kuchanganywa na vitu vichache vingine. Halafu mabomba yakaanza kupasuka. Yalikuwa ya chuma cha pua imara, yalivumilia kama siku tatu, kisha yakafumuka. Bosch aliyakata akayatazama kwa hadubini. Haidrojeni, kwa joto lile na mgandamizo ule, ilikuwa inapenya ndani ya ukuta na kumenyuka na kaboni inayokipa chuma ugumu wake, ikitoa methani na kuacha nyufa. Ile hali iliyoilazimisha naitrojeni imenyuke ilikuwa imelilazimisha bomba nalo. Joto na mgandamizo havichagui nani amealikwa.

Dawa yake naipenda kuliko mtambo mzima. Bosch aliweka bomba ndani ya bomba. La ndani lilikuwa la chuma laini kisicho na kaboni, ambacho haidrojeni haina cha kukiibia. La nje lilikuwa la chuma kigumu cha kubeba mgandamizo. Haidrojeni inayopenya la ndani ingelishambulia la nje, basi akaamuru la nje litobolewe vijitundu pote, ili gesi ifikapo pale ijiendee hewani, ikiwa imeshapoa na kupungukiwa nguvu. Alizuia bomba lisipasuke kwa kulitoboa. Mchoma chokaa wa Kilwa angeielewa hoja hiyo bila kuchorewa.

Kiwanda cha Oppau kilianza kazi Septemba 1913. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na amonia ile ile ikageuzwa malighafi ya baruti. Haber mwenyewe alisimamia gesi ya klorini iliyofunguliwa Ypres Aprili 1915. Nobeli ya kemia ya mwaka 1918 ilikuwa yake, na Bosch akapata ya mwaka 1931 akishirikiana na Friedrich Bergius, kwa ufundi wa mgandamizo mkubwa hasa. Viwanda vya leo bado vinapatana bei ileile: nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo mara 100 hadi 250, na kwa mzunguko mmoja sehemu ndogo tu ya gesi, kiasi cha moja ya tano au pungufu, hugeuka amonia. Huipoza amonia ikawa kimiminika, huitoa, na kuirudisha gesi iliyobaki ipite tena. Hakuna aliyepata joto linaloyaridhisha maswali yote mawili.

Amonia nyingi hukutanishwa tena na hewa ukaa, kwa nyuzi 180 au zaidi kidogo na mgandamizo wa mara 150 hivi, ikawa urea: zile punje nyeupe kwenye gunia la kilo 50, asilimia 46 naitrojeni. Mjomba wangu huko Songea alipanda nayo mahindi msimu mmoja akaimwaga juu ya udongo, akaiacha hivyo. Usiku ikanyesha mvua ya rasharasha, na baada ya hapo jua likawaka siku tatu mfululizo. Nilipofika shambani mchana wa siku ya tatu palinuka kama choo cha stendi.

“Shikamoo mjomba. Mbona shamba linanuka hivi?”

“Marahaba. Ni mbolea hiyo, ndiyo inafanya kazi.”

Ilikuwa inafanya kazi kweli, ila si yake. Udongo wenye unyevu una kimeng'enya kinachoivunja urea irudi kuwa amonia na hewa ukaa, na kila jua linapoongeza nyuzi kadhaa kinaivunja upesi zaidi. Ingefukiwa sentimita tano chini, udongo ungeikamata. Juu pale hapakuwa na mfuniko. Nilikwenda ghalani nikaleta majembe mawili, tukaanza kufukia iliyobaki, mstari kwa mstari, macho yakituwasha.